Mtu wa Getini

Yule mtu alikuwa bado getini.

Dokta Fides alimchungulia tena kwenye pembe ya pazia. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito juu ya shuka, fimbo mkononi, na macho yake hayakubanduka kwenye mlango wa gesti. Witness, dada wa mapokezi, alisema alikuja asubuhi akauliza kama daktari wa plastiki analala humu. Alipojibiwa kwamba yumo, akaenda kukaa juu ya jiwe pale getini.

"Si wa hapa Tunduma, mama," Witness alisema. "Kiswahili chake cha kule bondeni, kwa wafugaji."

Fides akaliachia pazia.

Kiangazi chote alikuwa kwenye bonde la Momba, akipasua ng'ombe waliokufa na kutoa matumboni mwao mifuko na kamba za plastiki zilizosokotana. Halafu akapima maziwa ya wale waliokuwa hai. Chembe za plastiki alizozikuta humo zilimkosesha usingizi. Juma lijalo, yeye na wanasayansi wenzake wasiofungamana na serikali wala kiwanda chochote wangesimama mbele ya wajumbe wa mataifa wanaojadili mkataba wa plastiki. Mwenzao mmoja, wa nchi nyingine, alikuwa ameshavunjiwa maabara.

Simu ikaita. Alikuwa Mabula, mfugaji aliyempokea bondeni, ambaye watoto wake walikuzwa kwa maziwa yale. Alikuwa akipiga tangu jana. Fides aliiacha iite mpaka ikanyamaza. Hakujua amwambie nini.

Kisha ukaingia ujumbe wa dereva. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa limefika, linamsubiri nyuma ya soko.

Fides alichukua begi lake, akamwomba Witness amtoe kwa mlango wa jikoni. Akapita kwenye magunia ya mkaa, akaingia sokoni, akapenya katikati ya wabadilisha kwacha na akina mama wa dagaa. Alipogeuka aliliona lile koti juu ya vichwa vya watu. Lilikuwa linakuja.

Akaongeza mwendo. Mtu yule naye akaanza kukimbia.

Alipofika kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, alijipenyeza kati ya mawili, akajikwaa, akapiga magoti. Mkono mgumu ukamshika begani.

"Usinikimbie, Dokta," mtu yule alisema akihema. "Mimi Ngusa, mdogo wake Mabula."

Alimwinua taratibu, akamfuta vumbi. Alieleza kwamba kaka yake alikuwa amesikia watu wa kiwanda cha plastiki wanamtafuta huyu mama kabla hajaenda kusema. Amempigia ampe tahadhari, simu haipokelewi. Basi akamtuma yeye aje akae mlangoni kwake, asimwache peke yake mpaka asafiri salama.

"Watoto wote kule wanakutaja," Ngusa alisema. "Hatuna mwingine wa kutusemea."

Alimbebea begi mpaka kwenye gari, akalipanga vizuri kwenye buti, kisha akarudi nyuma na kuinamisha kichwa kwa heshima. Fides aliitikia bila kumtazama usoni. Akafunga mlango.

Dereva alingoja mpaka walipoyaacha malori na kuishika barabara ya Vwawa.

"Bosi anakusalimu," alisema. "Watu wa kiwandani wote wanakusalimu. Anauliza kama habari ya maziwa umeshaiondoa kwenye ripoti."

"Niliiondoa juzi," alisema Fides. "Kaza mwendo."