Kiti cha Ornella

Kituoni Town Hall, chini ya ardhi, tuliteremka kwenye treni iliyotutoa hospitali tukapanda ya kurudi nyumbani, Ashfield.

Baba alishika mgongo wa kiti akausukuma mpaka ukageukia upande wa pili, viti vikatazamana. Akakaa upande unaokwenda kinyumenyume, kama siku zote, kwa sababu mama yangu, Ornella, alikuwa akishikwa na kizunguzungu asipotazama mbele. Kwenye kiti cha mama akaweka mfuko wenye viatu vya mama.

"Baba, leo si ukae huko wewe," nikasema.

"Niache. Nimeshakaa."

Tangu mama alipofariki asubuhi ile, hakuwa amelitamka neno hilo. Wauguzi walipompa pole, aliwauliza chakula cha mkewe kitaletwa saa ngapi.

Treni ilitoka gizani ikasimama Central, watu wakajaa. Binti mmoja mwenye mguu uliovunjika, umefungwa plasta, akakiangalia kile kiti.

"Mzee, samahani. Kuna mtu hapa?"

Kiatu kimoja kilichungulia mfukoni, kisigino kimelika upande. Baba alikitazama mpaka milango ikafungwa.

Kisha akauinua mfuko, akaupakata.

"Hakuna mtu," akasema. "Kaa, mwanangu. Upande huo hauleti kizunguzungu."