Jora Lisilo na Stika

Lutgart alilizunguka jora la utando mara ya pili, akipapasa ukingo wake kwa kidole. Mita mia tano, na hakuna hata stika moja nyekundu. Kwa miaka kumi na tisa ya ukaguzi alikuwa hajawahi kuona jora la namna hiyo, maana kila kitundu hubandikwa stika ukingoni ili kipande hicho kikatwe.

"Hili mmelitengeneza na malaika?"

"Dada, ukiona makosa unanuna, usipoyaona unanuna!" Nyapara wa kiwanda alicheka, akimwekea mezani kahawa na kipande cha keki ya wali. "Tia sahihi basi. Lori la Rotterdam linangoja."

Siku zote hizo hakuwahi kumletea hata maji.

Utando ule ungekaa ndani ya mashine ya kupasua maji kwa umeme, haidrojeni huku, oksijeni kule. Kitundu kimoja kingezikutanisha, na cheche ingemaliza kazi.

Nyapara akageuka kuondoka. Kwenye soli ya kiatu chake ilikuwa imenata stika nyekundu yenye maandishi ya kalamu: mita 212.

Lutgart aliifunika kalamu yake kizibo taratibu, akavuta kiti.

"Kaka, hebu rudi ukae," alisema. "Halafu uniinulie huo mguu."