Somo la Vifo vya Nyota

"Mwanao kachagua kusahau nini?" jirani yangu Bi Mwanakombo aliniuliza, Zuwena alipokwenda chuo kusomea nyota. Maana siku hizi, somo likiingizwa kichwani, jambo unalolijua hutolewa. Nikamjibu, "Labda mapishi."

Alhamisi tukaketi kumsomea Yasini marehemu baba yake, kama kawaida yetu. Nikaanza. Zuwena ananitazama mdomo tu.

"Umeitoa Yasini?"

"Ndefu ile, mama. Imetosha somo zima la vifo vya nyota. Si imo kwenye simu?"

"Simu ndiyo iliyozaliwa na baba yako? Na mimi nikifa, nyota zitaniombea? Muhula ujao utatoa nini?"

Akaitazama picha ya baba yake ukutani, akainamisha macho.

Nikaitungua ile picha, nikavaa buibui langu, nikatoka nayo kwenda kumalizia Yasini kwa Bi Mwanakombo.