Njia ya Raya

Seva, kompyuta iliyobeba tovuti zote za mji, ilikuwa moja na anwani moja, ila kila programu ilikuwa na njia yake. Ukiandika /zahanati mwishoni mwa anwani unapelekwa zahanati, ukiandika /shule unapelekwa shule. Njia isiyojulikana ilikupeleka kwenye duka la saruji, maana wenye duka ndio wenye seva.

Mbaruku, fundi wa seva hiyo, alikuwa na njia yake ya siri: /raya. Humo mlikuwa na picha za marehemu binti yake, na sauti ya mtoto huyo akihesabu hadi kumi, akiruka saba. Siku ya arobaini alimpa mkewe anwani ile. Hawakuizungumzia tena.

Yeye aliingia kila asubuhi, mwaka mzima. Leo, alipofika kazini, akaufuta mstari wa njia ile kwenye mipangilio ya seva, labda moyo utatulia.

Chai haijapoa, simu ikalia.

"Baba Raya," mkewe alisema, "nimefungua kwa mtoto, naletewa bei za saruji."

"Kumbe huwa unafungua?"

"Kila siku, ukishatoka."

Picha zilikuwepo bado. Kilichofutika ni njia tu. Akaanza kuuandika upya mstari ule. Mkewe hakukata simu. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, na alipomaliza sita, akasema nane.