Panya Mwenye Ghala

Fuko alitaka kuchimba ghala, ila mtaji hakuwa nao. Kanga akamkopesha debe la mtama kwa miaka mitatu, kwa ahadi ya kibaba cha ziada kila mavuno. Panya akatoa mtama wake wote, hata wa mbegu, akapewa hisa.

"Wewe mkopeshaji tu, dada Kanga," alitamba. "Mimi ni mwenye ghala."

Miaka miwili alipata gawio nono, akala lote. Wa tatu mafuriko yakaingia ghalani, likaokolewa debe moja. Fuko akampa Kanga.

"Na mimi?"

"Mkopeshaji hulipwa kwanza. Sisi wenye ghala tunagawana kinachobaki."

Panya akachungulia. Lilibaki shimo lenye maji.

Nyumbani, mkewe alikuwa amemaliza kulima, akisubiri mbegu.