Siku ya Kuzima Joto

Mzee Pyo alizima joto la nyumba yake siku ileile ambayo jengo zima liliongeza.

Maua ya cheri yalikuwa yamekwisha kuchanua mji wote wa Wonju, kisha baridi ikarudi, ile baridi inayoyaonea maua wivu. Theluji nyepesi ilikaa juu ya magari. Yeye alisimama mbele ya swichi ya ukutani, akaibonyeza kana kwamba anamtoboa mtu jicho, na taa nyekundu ikazimika.

"Haya," aliiambia sakafu. "Sasa tuone nani atalala na koti."

Aliyekusudiwa ni Bok Sunhye, mwanamke wa ghorofa ya saba, chini yake hasa. Wiki iliyopita Sunhye alikuwa amemtundikia mfuko mlangoni. Ndani mlikuwa na ndala laini za manyoya na kikaratasi: "Mzee wangu wa juu, samahani sana. Hatua zako za alfajiri zinaniamsha. Labda hizi zitasaidia."

Mzee Pyo alizitupa kwenye pipa la taka bila kuzijaribu. Miaka kumi na tisa anaishi katika nyumba ile, leo mtu aliyehamia juzi anamfundisha kutembea. Na mtu mwenyewe ni nani? Kupe. Mabomba ya maji ya moto yamepita chini ya sakafu ya Pyo, na sakafu ya Pyo ndiyo dari ya yule mwanamke. Majira yote ya baridi amejipasha bure. Ananyonya joto la mtu, kisha analalamikia miguu ya mtu.

Kesho yake walikutana kwenye lifti.

"Shikamoo, mzee. Baridi imerudi."

"Kwangu haijarudi. Kwako je?"

"Dari yangu ni barafu, mzee. Tangu nihamie Oktoba. Nawasha mpaka mwisho ndipo napata usingizi."

"Barafu," Pyo alirudia. Fadhila za punda ni mateke. "Si uombe radhi tu, yaishe?"

"Radhi ya nini?"

"Ya kuisema miguu yangu."

Sunhye alimtazama kidogo, akashuka ghorofani kwake. Mtazamo ule ulimkera Pyo kuliko tusi.

Zamani, kuamua siku ya kuzima haikuwa kazi yake. Ilikuwa ya mkewe, mama Hyojin. Kila majira ya machipuo alifungua dirisha, akainusa hewa, akasema, "Leo," na mambo yote ya joto akayamaliza mwenyewe. Agosti iliyopita alianguka sokoni, hakuamka tena. Novemba Pyo alibonyeza swichi kwa mkono wake, taa ikawaka, na tangu hapo akajiona bingwa. Hata bili yake ilitoka ndogo kuliko zote jengoni. Aliwaonyesha walinzi wa getini.

"Siri ni kujua kipimo," aliwaambia. "Watu wa siku hizi wanajichoma kama viazi."

Siku tatu baada ya kuzima, sakafu yake ilikuwa bado vuguvugu. Aliigusa kwa kiganja, akacheka peke yake. Mtu akijua kipimo, joto humkaa. Huko chini, aliamini, kuna mtu anatetemeka.

Siku ya nne alimkuta Sunhye mlangoni mwa jengo, anaburuta sanduku.

"Unahama?"

"Nakwenda kwa mama, mzee. Ameanguka, amevunjika nyonga. Nitakaa mwezi mzima. Nimezima kila kitu."

"Sema tu baridi imekushinda."

Sunhye alisimamisha sanduku. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee, wewe huchoki?"

"Mshindi hachoki," alisema Pyo, akapanda kwenda kula. Alikula mabakuli mawili.

Asubuhi sakafu ilikuwa jiwe.

Alivaa soksi, akavaa koti. Alijizuia mpaka adhuhuri, maana kuwasha ni kukubali kushindwa. Lakini kushindwa na nani, wakati adui keshakimbia? Akawasha. Taa nyekundu ikawaka vizuri. Alingoja saa moja, alingoja saa sita. Kesho yake chai ilipoa kabla hajaifikisha nusu, ndipo akapiga simu ofisi ya jengo na kufoka mpaka sauti ikakwama.

Fundi Noh alikuja na tochi.

"Mmenikatia joto," Pyo alimpokea mlangoni. "Mgane, mzee wa miaka sabini na minne, mnamkatia joto."

"Hatujamkatia mtu, mzee wangu. Jengo zima lina joto."

"Basi mimi mwongo?"

Fundi hakubishana naye. Alipiga magoti jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki, akasogeza mitungi ya achari ya kimchi iliyokuwa mbele, akaingiza kichwa. Alikaa humo muda mrefu kuliko Pyo alivyopenda.

"Mzee, koki hizi huwa anazifunga nani?"

"Koki gani?"

"Za maji ya moto ya sakafuni. Ziko tano, na zote zimefungwa."

Damu ilimpanda Pyo kichwani. "Ni yule wa chini. Ameingia humu kabla ya kukimbia. Niitie polisi, wewe ni shahidi."

"Zina vumbi na utando wa buibui, mzee. Majira yote ya baridi hapa halijapita hata tone." Fundi alijisogeza pembeni, akammulikia kwa tochi. "Na pana karatasi imebandikwa."

Mzee Pyo aliinama huku angali anatukana. Mwandiko ulikuwa wa mama Hyojin.

"Nimefunga leo, 17 Aprili. Novemba nisisahau kufungua."