Gunia la Hafswa

Kikoi cha mumewe Hafswa kilitoka kwenye furushi la shoga yake wa mlango wa pili, aishiye peke yake, saa nne asubuhi, mbele ya wanawake sita.

Walikuwa ukumbini kwake, huko Bofu, wakijaza gunia la kupigia ngumi. Daktari kamwambia Hafswa apunguze mwili, na jimu ya mtaani imejaa wanaume, basi kila jirani kaleta matambara yake. Mnyororo ulishaning'inia kwenye boriti.

"Lijazeni barabara," alicheka mmoja. "Huyu ndiye mume asiyejibu!"

Hafswa alikigeuza kikoi. Pindoni palikuwa na tundu lililounguzwa na pasi, limeshonwa kwa uzi wa kijani kwa kuwa mweupe ulimwishia. Alilishona mwenyewe. Mumewe alimwambia kimeibwa kambani, tangu mwezi wa Rajabu.

Akainua macho. Shoga yake pia alikuwa akiutazama ule uzi.

"Mbona waduwaa, mwanangu?" aliuliza bibi mmoja.

"Natafuta pa kukitia."

Akakikunja mara nne, akakiweka juu kabisa, akalifunga gunia. Wakalitundika. Akajikaza leso kiunoni.

"Yataka mtu wa kulishika kwa nyuma, lisiyumbe," alisema. "Shoga, njoo wewe."

Wenzao wakapiga vigelegele. Shoga akasogea polepole, akalikumbatia gunia, akafumba macho.